Mjukuu Asiye na Timu

Villa Quirós, 9 Machi 1997

Binti yangu Noemí,

Simu imekatika kabla sijauliza la maana. Nimesikia "ni mvulana", nimesikia "anaitwa Joaquín", halafu huo upepo wenu wa kusini ukala waya. Nimebaki nimeshika mkonga pale posta nacheka peke yangu, mpaka yule mama wa stempu akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia, "Nimepata mjukuu, mama, na usiponipongeza nahamia posta nyingine." Mji mzima una posta moja.

Hongera, mwanangu. Mpe na mumeo Wálter hongera zangu, ingawa mwanamume anayependa mashindano ya magari kuliko mpira sijui nimpongeze vipi.

Kutoka posta sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya klabu yetu ya mpira. Serikali itamwandika mtoto ikipenda, sisi Molinos tumeshamwandika. Babu yangu alimwandika baba yangu, baba akaniandika mimi, mimi nikawaandika nyinyi wawili, wewe na Nahuel. Wewe ulilia siku ile, mama yako alisema ni meno.

Na sasa kaa chini nikupe habari yenyewe. Unajua utaratibu wetu: mwanachama akifa, namba yake inasubiri mwaka mmoja mtu wa damu yake aichukue, asipopatikana inafutwa. Ya Nahuel imesubiri sita. Kila mwaka karani wetu, Tito, alikuwa anajifanya hajaiona. Leo nilipoingia na kumwambia jina la mtoto hakuniuliza kitu, akachukua kalamu na kuandika namba ileile. Tukalia wote wawili, wazee wazima, mbele ya watu waliokuja kulipia ukumbi wa harusi.

Kwa hiyo Joaquín ana namba ya mjomba wake. Kadi iko ndani ya kifurushi hiki, pamoja na jezi ndogo kuliko zote walizokuwa nazo. Ikimpwaya mkunje mikono.

Baba yako,
Evaristo


Río Gallegos, 27 Machi 1997

Baba,

Kifurushi kimefika. Jezi nimeiona. Kadi nimeiona pia, na nimekaa nayo jikoni mpaka maziwa yakachemka yakamwagika.

Mwanangu hajatimiza mwezi, na wewe umeshampa namba ya mtu aliyeuawa. Ulidhani nitafurahi. Najua ulidhani hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Acha nikukumbushe, maana nyinyi huko mnaimba mpaka mnasahau. Nahuel alikuwa na miaka kumi na tisa. Mechi ya watani, Molinos na Estrella, ilikwisha bila bao, mechi mbovu, wewe mwenyewe ulisema. Vijana wa Estrella walimkuta kwenye kivuko cha reli akiwa peke yake, amevaa kijani, wakampiga kwa mawe na vyuma mpaka akanyamaza. Hawakuwa wanamjua. Waliijua jezi. Hospitali walitukabidhi jezi hiyo kwenye mfuko wa plastiki na wewe ukasema ifuliwe azikwe nayo. Nani aliifua, Baba? Mama alikuwa hawezi hata kusimama. Niliifua mimi kwenye karo la uani, nikaisuuza na kuisuuza, na maji hayakutaka kuwa meupe. Mama naye hakumaliza mwaka.

Na Jumapili iliyofuata baada ya mazishi wewe ulikuwa jukwaani.

Nimekuja huku mwisho wa nchi, kwenye upepo usiolala, kwa sababu hapa hakuna anayejua Molinos ni nini wala Estrella ni nini. Mwanangu hatakuwa na timu. Atacheza mpira akitaka, atatazama akitaka, lakini hakuna mtu atakayemvalisha rangi ya kufia.

Kadi nimeichoma. Jezi nimeikata, nafutia madirisha. Usimtajie Molinos mtoto wangu, wala usimtajie Nahuel. Siku atakayosikia mojawapo kutoka kinywani mwako, hutamwona tena.

Noemí


Villa Quirós, 10 Aprili 1997

Noemí,

Nimesoma. Nimetoka nje nikamwagilia nyanya, nikarudi nikasoma tena.

Kwanza, jezi ya klabu haifutiwi madirisha, hata kama umekasirika.

Pili, unaniuliza kwa nini nilikwenda jukwaani Jumapili ile. Hukuniuliza wakati huo, umengoja miaka sita, basi nitakujibu. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Mama yako alikuwa amegeukia ukuta, wewe ulikuwa huongei. Kule jukwaani watu elfu tatu waliimba jina la mwanangu. Mpaka leo, kabla mpira haujaanza, mpiga ngoma anapiga mara moja, wanaita "Nahuel Ledesma!" na mimi ndiye ninayeitikia "Yupo!" Halafu wote wanarudia. Niambie wewe, nisipokwenda nani ataitikia?

Unasema hutaki mtoto awe na rangi. Na mimi nimwachie nini? Kinu cha unga nilikofanya kazi kimefungwa. Nyumba inavuja. Kwenye kinu nilipata kikohozi, hicho siwezi kumrithisha. Baba yangu alinipa Molinos kwa sababu hakuwa na kingine, na sikuwahi kujiona maskini. Unampa mwanao nini badala yake? Upepo?

Kwa kuichoma kadi ile umeniulia mwanangu mara ya pili. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ninavyohisi.

Evaristo


Villa Quirós, 20 Desemba 1999

Mwanangu Noemí,

Sijui kama barua zangu unazifungua au unazipeleka jikoni kuwashia moto. Naendelea kuandika kwa sababu wewe ndiye mtoto niliyebaki naye.

Sitataja mambo usiyotaka. Nakuandikia habari za kawaida tu. Nyanya zimezaa vizuri. Jirani amenunua mbwa mwingine mjinga kama wa kwanza. Jumapili iliyopita nilikuwa mahali fulani pamoja na watu fulani, na jambo fulani lilitokea dakika ya mwisho kwa sababu ya refa fulani mshenzi, tukarudi nyumbani kimya, wanaume wamefunika nyuso kwa kofia. Sasa tutakuwa daraja la chini mwakani. Nilitaka kukwambia tu kwamba nilikuwa na huzuni, bila kukwambia ya nini.

Joaquín sasa anatembea, naamini. Hata anakimbia. Anatumia mguu gani? Futa hilo swali. Anapenda kula nini?

Krismasi njema,
Baba


Río Gallegos, 2 Juni 2002

Baba,

Barua zako nimezifungua zote. Kujibu ndiko kulikonishinda.

Wálter amekosa kazi tangu mwaka jana, kama nusu ya nchi, na mimi nafundisha shule mbili. Joaquín ana miaka mitano. Ana masikio yako, bahati mbaya. Analala amekumbatia kiatu. Mwezi uliopita alikuta picha kwenye droo yangu, ile isiyo na rangi, Nahuel amevaa jezi anacheka amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Akaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni mtu wa zamani. Nilisema hivyo juu ya ndugu yangu, halafu nikaingia bafuni nikafungua maji ili nisisikike.

Njoo umwone mtoto. Njoo mikono mitupu: hakuna jezi, hakuna bendera, hakuna nyimbo wala hadithi. Ukiweza hivyo, kitanda kipo.

Noemí


Río Gallegos, 30 Julai 2002

Baba,

Tumeona basi lako mpaka lilipopotea. Joaquín alikataa kuingia ndani.

Umetimiza ahadi, nakushukuru. Nataka ujue nilikusikia Jumapili ulipojifungia chooni na ile redio yako ndogo. Ulikohoa kwa makusudi kila mtangazaji alipopaza sauti. Wálter alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilisimama mlangoni nikasikia kwamba mmefungwa, na nikasikia ukisema peke yako, polepole, "Yupo." Mechi ilikuwa imeshakwisha, Baba. Nilitaka kugonga mlango na sikugonga.

Joaquín anauliza kwa nini babu anaishi mbali.

Noemí


Río Gallegos, 14 Mei 2005

Babu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo. Asante kwa baiskeli. Mama amenipa anwani yako nikuandikie asante, na nimeshaandika asante, kwa hiyo sasa nakuuliza kitu kingine na usimwambie.

Shuleni mwalimu alisema kila mtu achore jezi ya timu ya nyumbani kwao. Kila mtu ana timu aliyopewa na baba yake, na baba alipewa na babu. Mimi nilichora gari la mashindano kwa sababu Baba anapenda magari. Bruno akasema mtoto asiye na timu ameokotwa. Wote wakacheka, na mwalimu alicheka kidogo pia. Nilimpiga Bruno na yeye akanipiga zaidi.

Nilimwuliza Mama sisi ni timu gani, akasema sisi ni watu wa kawaida. Bruno naye ni mtu wa kawaida na ana timu.

Babu, wewe ni timu gani? Ukiniambia na mimi nitakuwa hiyohiyo, hata kama ni mbovu. Pia kuna picha ya mtu kwenye droo ya Mama, amevaa jezi yenye mkanda kifuani. Ni timu gani ile? Mama anasema ni mtu wa zamani, lakini amefanana na mimi.

Mjukuu wako,
Joaquín


Villa Quirós, 25 Mei 2005

Joaquín, mjukuu wangu,

Barua yako nimeipata na mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Bruno mwambie babu yako alikuona ukizaliwa. Ni uongo mdogo, mimi nilikuwa posta, lakini utamnyamazisha.

Umeniuliza mimi ni timu gani. Babu yako si mtu wa mpira. Jumapili nashughulika na nyanya. Wakati mwingine napita karibu na uwanja nikisikia kelele, nafunga dirisha. Sina timu ya kukupa, mjukuu wangu. Nimetafuta nyumba nzima na sikuiona.

Hiyo si aibu. Watoto wengine wamepewa timu kama unavyopewa jina, hawakuulizwa. Wewe utachagua mwenyewe. Chukua gazeti la michezo, angalia zote, chagua yenye rangi unayoipenda. Ukishachagua usibadilishe. Hilo tu ndilo ninalolijua.

Yule wa kwenye picha simjui vizuri. Lakini anaonekana kijana mzuri.

Babu Evaristo


Villa Quirós, 25 Mei 2005

Noemí,

Mtoto ameniuliza. Ameniuliza kwa maneno ambayo kila Ledesma ameyauliza, na akasema atakuwa timu hiyohiyo hata kama ni mbovu. Hata kama ni mbovu, Noemí! Huyo ni Molinos mtupu na hajui. Nilikuwa na kalamu mkononi. Neno moja lingetosha.

Nimemwambia sina timu. Nimemwambia simjui Nahuel. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba simjui vizuri mwanangu.

Umeshinda. Ningependa kusema nasema hivi bila hasira, lakini nina hasira kubwa, na sijui nimkasirikie nani, maana ulikuwa na haki tangu mwanzo na bado nimeumia hivi.

Baba


Río Gallegos, 18 Juni 2005

Babu mpendwa,

NIMECHAGUA! Nilifanya kama ulivyosema. Niliangalia gazeti lote. Kwanza nilitaka timu kubwa ya Buenos Aires kama Bruno, halafu nikafikiri, Babu anakaa peke yake na hana timu, basi nichukue timu ya mji wake, ili naye awe na ya kwangu.

Mji wako una timu mbili. Moja inaitwa Molinos, lakini Baba alitafuta akasema iko chini sana na karibu itafungwa kabisa. Nyingine ni Estrella! Iko juu, jezi yake ni ya bluu ya mbinguni na ina nyota. Nimeshawaambia wote darasani. Nimechora nyota kwenye begi na kwenye mkono, ya mkono haitoki.

Umesema ukishachagua usibadilishe, basi sitabadilisha mpaka nife.

Babu, unaweza kuninunulia jezi ya Estrella? Baba anasema uwanja wao uko kwenu kabisa, ukivuka reli. Na siku moja ukienda unipigie kelele mara moja tu. Nikija likizo twende wote, mimi na wewe, tukae mbele.

Joaquín wa Estrella


Río Gallegos, 20 Juni 2005

Baba,

Barua ya Joaquín nimeijua baada ya kutumwa. Niliona nyota kwenye mkono wake alipokuwa anaoga. Nilimsugua mpaka akalia, halafu nikalia na mimi, na yeye akaniomba msamaha bila kujua kosa lake.

Mimi ndiye niliyefanya hivi. Nilifunga kila mlango na yeye akatokea dirishani, upande uleule. Leo asubuhi alikwenda shule anaimba "Estrella, Estrella" kwa sauti aliyoitunga mwenyewe.

Niko tayari kumwambia kila kitu: Nahuel ni nani, nani walimuua na kwa nini. Nitamwonyesha picha. Baba, sema neno tu nitamwambia leo. Jezi usinunue. Hakuna mtu duniani anayeweza kukutaka ufanye hivyo.

Nisamehe.
Noemí


Villa Quirós, 5 Julai 2005

Mwanangu Noemí,

Usimwambie.

Nimelifikiria siku nyingi, na si kwa wema, maana ningependa sana umwambie. Ukimwambia leo, leo hiihii atavua nyota na kuwa wa kwetu. Nitakuwa nimempata. Lakini atakuwa wa kwetu kwa ajili ya kulipiza. Mimi nilipewa Molinos mabegani mwa baba yangu, nakula karanga. Yeye atapewa kwa mawe na vyuma. Atakwenda shule amekunja ngumi, na siku moja atakuja huku kutafuta kivuko cha reli. Wewe ulikwenda mwisho wa nchi asifike pale, nami sitamleta.

Jezi nimenunua. Jumanne nilivuka reli kwa miguu, mara ya kwanza tangu tulipokwenda kumwokota Nahuel. Duka lao liko chini ya jukwaa. Msichana wa dukani alikuwa mdogo lakini alinijua, nadhani mji mzima unanijua. Akasema, "Don Evaristo, umepotea njia?" Nikasema, "Ya mtoto wa miaka minane, ikiwa kubwa kidogo itafaa." Akaikunja, akaniwekea kwenye mfuko mweusi bila kuombwa, ili rangi isionekane. Sikutegemea wema kule, na nilichukia kuupata.

Mfuko ulipasuka nje ya baa yetu, mbele ya Tito na wengine. Jezi ilianguka barabarani, nyota juu. Ningefurahi kama wangenitukana. Tito aliinama akataka kuiokota, mkono ukamrudi, akaingia ndani.

Jumapili sikwenda uwanjani. Nilikaa bustanini. Upepo ulikuwa unatoka huko, nikasikia ngoma ikipigwa mara moja, nikasikia wakiita jina, kisha kimya. Walisubiri. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo na mdomo wangu ulikuwa wazi, Noemí, na sikuweza. Ni mtu gani atakayeitikia jina la mwanawe akiwa na jezi ile mezani? Walisubiri kidogo tena, halafu filimbi ikalia, mpira ukaanza. Sitarudi tena.

Jezi mpe. Nimeipiga pasi.

Baba


Villa Quirós, 5 Julai 2005

Joaquín, mjukuu wangu,

Jezi yako hii hapa. Nimeichukua kubwa kwa sababu unakua, mama yako akunje mikono. Usiifue kwa maji ya moto, nyota itabanduka.

Nimefurahi umepata timu, na nimefurahi uliichagua ukinifikiria. Hakuna mtu aliyewahi kunichagulia timu kwa sababu hiyo. Estrella wana kipa mzuri mwaka huu na winga wa kulia anayekimbia sana bila kufika popote. Nimesikia tu, si unajua mimi si mtu wa mpira. Ukija likizo tutakwenda. Tutakaa mbele kama unavyotaka. Nitapiga kelele pale utakapopiga wewe.

Kitu kimoja, na hiki ni babu anakuomba. Watu wa Estrella wana nyimbo nyingi, utazijua zote haraka, una kichwa chepesi. Ziko nzuri. Ila kuna mmoja huwa wanauimba siku ya mechi ya watani, wakiruka na kucheka, unamtaja kijana mmoja aliyelala kwenye reli, unauliza kwa nini haamki. Una jina lake ndani, Nahuel. Sauti yake ni tamu na rahisi kushika, watoto huupenda. Wakiuanza huo, wewe sema una haja ndogo, nishike mkono tutoke mpaka uishe. Wakikuuliza, sema babu yako ndiye aliyebanwa.

Huo usiuimbe, mjukuu wangu. Nyingine zote imba, tena kwa nguvu.

Babu yako,
Evaristo